Mwanza hadi Mwadui: kwenda kuiona kota aliyokulia mama

Nimerudi wiki iliyopita, simu imejaa picha za kuta, milango na sakafu, manake safari yenyewe ilikuwa ya kwenda kuangalia nyumba moja tu. Ni nyumba ya kampuni, kota ya wafanyakazi wa mgodi wa almasi wa Mwadui, mkoani Shinyanga, imejengwa enzi za Williamson, Mzungu aliyeuanzisha mgodi, na babu mzaa mama aliishi humo na familia yake kuanzia miaka ya 50 mpaka anastaafu. Mama amekulia humo. Nimeandika kutokana na daftari nililokuwa najaza kila jioni pamoja na picha, na bei nimeziweka zote, kwa sababu ukitafuta habari za Mwadui unakutana na Williamson, ile almasi ya pinki, na malkia wa Uingereza, basi. Nyumba walizoishi watu waliochimba hazisemwi. Mimi nataka zisemwe.

Alhamisi: Mwanza mjini

Hatukuondoka siku hiyo, tulipanda kwanza Isamilo kwa mjomba, kaka yake mama, yeye ndio alibaki na makaratasi ya babu. Boda mbili kutoka mjini walianza na buku mbili mbili, tukamalizana kwa buku jero kila mmoja. Mjomba akatoa bahasha ya kaki iliyofungwa kwa mpira, ndani kuna cheti cha utumishi, picha mbili nyeusi na nyeupe, na karatasi ya kukabidhi nyumba babu alipostaafu. Hiyo karatasi ndio tuliifuata, kwa sababu ina namba ya kota. Mama siku zote anasema namba 12, mjomba anasema 14, wamebishana tangu mimi mdogo. Karatasi inasema 14. Mama akaisoma mara mbili, akasema haya, lakini mwembe ulikuwa wa namba 12, na mjomba akakubali kwamba mwembe kweli ulikuwa wa namba 12.

Mjomba akatukalisha na chai akaanza na habari yake anayoipenda, ya wakili Chopra. John Williamson alikuwa mjiolojia wa Kanada, mzaliwa wa Quebec mwaka 1907, msomi wa chuo kikuu cha McGill, akaja Afrika miaka ya 30 akafanya kazi na kampuni za almasi, ikiwemo iliyokuwa ikichimba Mabuki hapo Misungwi. Baadaye akawa anatafuta peke yake, hana hela, ana homa kila mara, na aliyemshika mkono ni wakili wa Kihindi wa hapahapa Mwanza, I. C. Chopra, ambaye baadaye akawa mshirika wake kwenye mgodi. Mwaka 1940 akaipata Mwadui. Kwa hiyo mjomba akisema kwamba Mwanza ina mkono wake Mwadui anasema kitu cha kweli, na mimi nashangaa kwa nini hatufundishwi shuleni hapa mjini, watoto wetu wanamjua Speke aliyeliona ziwa tarehe 3 Agosti 1858 lakini wakili aliyekaa mjini kwetu akasaidia kuanzisha mgodi mkubwa hivyo hawamjui.

Mchana tukashuka mwaloni Kirumba, sato mmoja mkubwa wa kukaanga na ugali wa watu wawili elfu kumi na mbili. Tukanunua dagaa na sangara mkavu vya elfu ishirini kwa ajili ya wenyeji wetu.

Kwa anayetaka kwenda: mji wa Mwadui uko ndani ya uzio wa mgodi, huwezi kushuka tu kwenye basi ukaingia. Mimi niliandika barua mwezi mmoja kabla, nikaeleza ni nani aliishi pale na tunataka kuona nini, nikaambatanisha nakala za vitambulisho vya NIDA vyetu wote wawili na nakala ya cheti cha babu. Cheti ndio kilisaidia kuliko maneno yangu yote. Kama una karatasi yoyote ya mzee wako aliyefanya kazi pale, hata slipu ya mshahara, usiiache nyumbani.

Ijumaa: Nyegezi, Misungwi, Maganzo

Magari ya Shinyanga yanaondokea stendi ya Nyegezi, usiende Nyamhongolo, huko ni magari ya Musoma. Tulifika saa kumi na mbili asubuhi, nauli elfu tisa kila mmoja na ukishukia Maganzo unalipa kama wa Shinyanga mjini, usibishane na konda utapoteza asubuhi yako. Basi likaondoka saa moja na robo.

Baada ya Usagara, pale njia ya Sengerema na Geita inapochepuka, unaanza kuona tuta la reli mpya ya SGR, kile kipande cha Mwanza hadi Isaka cha kilomita 341. Mama alikaa dirishani anaangalia lile tuta, akasema babu alipokuwa anakuja Mwanza likizo walikuwa wanatumia treni ile ya zamani, wanapandia Seke, usiku kucha na makuku chini ya viti.

Kabla ya kufika Misungwi tairi la nyuma likapasuka. Spea ilikuwepo ila jeki haikuwepo, dereva akapiga simu, tukakaa pembeni ya barabara masaa mawili na zaidi. Hapo ndipo nilipoona wema wa watu. Nyumba ilikuwa hatua chache kutoka barabarani, mama mwenye nyumba alipomuona mama yangu amesimama juani akatoka na kigoda, akasema "mwangaluka mayu, karibu ukae", akarudi ndani akaja na sahani ya matobolwa na bakuli la karanga zilizotwangwa. Kwa wasioyajua, ni viazi vitamu vinachemshwa vikiwa vizima kisha vinakatwa na kuanikwa, michembe ndio vile vinavyokaushwa vibichi, na ukiwa na njaa na chai ya maziwa hakuna mkate utakaoutamani. Abiria wengine nao wakasogea, akawapa wote. Nilipotaka kumlipa alikataa kabisa, ikabidi nimpe dagaa kidogo kwenye ile zawadi yetu, akasema wabeja, yaani asante, akacheka na mama kwa Kisukuma mambo ambayo mimi sikuyadaka yote.

Jeki ikaja kwa bodaboda. Mabuki tukapita bila kusimama, nilitamani sana kushuka manake almasi ya nchi hii ilianza kuchimbwa hapo miaka ya 1920, kabla Mwadui haijajulikana, leo watu wanapajua kwa ng'ombe na chuo cha mifugo. Nimejiwekea safari yake peke yake. Hungumalwa basi likasimama dakika kumi, mahindi ya kuchoma jero. Baada ya hapo nchi inafunguka, tambarare, mibuyu, magunia ya pamba yamerundikwa kwenye vituo vya kununulia, halafu maeneo yaliyofungiwa malisho, ngitili, ambako miti imerudi vizuri. Mama anasema zamani hapo palikuwa peupe kabisa.

Maganzo tukafika saa saba kasoro. Ni mji wa barabarani, mlangoni kwa Mwadui, umekua kwa sababu ya mgodi na unaishi kwa mgodi: gesti, mama ntilie, mafundi simu, maduka ya vifaa vya kuchimbia, chekeche zimetundikwa nje ya milango. Gesti elfu kumi na tano chumba, maji ya ndoo, safi, neti nzima. Chakula cha mchana wali maharage na nsansa elfu tatu, na kama hujawahi kula nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa yakapikwa na karanga, agiza.

Jambo la muhimu. Hatujamaliza hata kunawa mikono, kijana akaja mezani na karatasi iliyokunjwa, ndani kijiwe kinang'aa, bei laki na nusu. Usinunue. Kufanya biashara ya almasi bila leseni ni kosa la jinai, na vingi vya hivyo ni chupa tu. Tangu 2019 serikali imefungua masoko ya madini, la kwanza lilikuwa Geita, kwa hiyo mwenye jiwe halali ana pa kulipeleka. Mama alimjibu yule kijana kwa upole, akamuuliza ametokea ukoo gani, ikawa mazungumzo marefu, mwisho kijana akakaa akala na sisi. Akatueleza habari za wabeshi, wale vijana wanaoingia eneo la mgodi usiku kutafuta mawe kwenye mchanga, na jinsi rafiki zake wawili walivyoumia. Mama akamwombea hapohapo mezani.

Jioni akaja mzee aliyefanya kazi stoo ya mgodi miaka mingi, alishaambiwa na mjomba kwa simu, ndiye wa kutuingiza kesho. Mama akampa shikamoo, naye akaanza kumtazama, akamuuliza, wewe si binti wa yule mzee wa grisi? Mama akashindwa kujibu kwa muda.

Jumamosi: ndani ya Mwadui

Bajaji mpaka getini elfu tatu. Getini walikuwa na nakala ya barua yetu, wakaangalia vitambulisho, wakatueleza pa kupiga picha na pa kutopiga (mtambo, geti lenyewe, uzio na walinzi hapana, nyumba ruhusa), wakatupa mtu wa kutembea na sisi. Kijana mstaarabu, alimbebea mama mkoba siku nzima. Vaa viatu vya kufunika, chukua maji na kofia.

Ukishaingia unaelewa kwa nini mama akisema "Mwadui" anasema kama mtu anayetaja jiji. Barabara zimenyooka, miti mikubwa pande zote mbili ilipandwa kwa mstari, hospitali, shule, viwanja, uwanja wa ndege, makanisa. Williamson aliujenga mji ujitegemee wenyewe katikati ya mbuga, maji yake, umeme wake, maduka yake. Lakini ulikuwa mji wenye sehemu mbili, upande wa Wazungu nyumba moja moja na bustani, upande wa Waafrika kota za mstari. Hilo lazima lisemwe pamoja na sifa zote anazopewa, na mzee wa stoo alilisema yeye mwenyewe tukiwa tunatembea: "Williamson alikuwa mtu mzuri kwa wafanyakazi kuliko Wazungu wengine wa wakati ule, hilo nakupa, ila ukitaka kujua nani alikuwa nani wewe hesabu vyumba."

Kota ya babu tuliihesabu. Vyumba viwili na sebule ndogo, jiko nyuma, choo cha nje, baraza mbele yenye nguzo mbili. Namba ya zamani imepakwa rangi juu yake mara nyingi ila ukiweka kidole unaisikia, 14, imechongwa kwenye saruji juu ya mlango. Mama aliigusa namba kabla ya kubisha hodi.

Anayekaa hapo sasa ni mama mmoja na watoto watatu. Mzee wa stoo alishamwambia, kwa hiyo alikuwa amedeki, amepika chai, watoto wamevaa vizuri kama sikukuu. Alimwambia mama yangu, "karibu kwako mama, ingia tu, mimi ni mgeni wako leo." Sentensi hiyo nimeiandika neno kwa neno.

Sasa nyumba yenyewe. Kuta ni nene, ukinyoosha kiganja kwenye dirisha unaona upana wake, ndio maana jua la saa saba nje linaunguza na ndani pamepoa. Madirisha ya chuma ya kufungua nje, mawili bado yana vioo vyake vya zamani vyenye mawimbi kidogo. Sakafu ni ya saruji iliyotiwa rangi nyekundu na kung'arishwa, sebuleni imefifia katikati, pembeni bado nyekundu kabisa. Mama akasema walikuwa wanaing'arisha kila Jumamosi kwa nta na gunia, watoto wanakalishana juu ya gunia wanavutana, mmoja anang'arisha mwenzake anapanda, halafu wanabadilishana. Mtoto wa mwenye nyumba alisikia hivyo, sijui alitoa wapi gunia, tukashtukia wameshaanza.

Jikoni kuna dohani ya matofali na sehemu ya kuni, imezibwa, sasa wanatumia mkaa na gesi. Nyuma ya mlango wa jikoni mama alitafuta kitu muda mrefu, akakikuta: mikwaruzo ya kupimia urefu, msumari umechora kwenye plasta chini ya rangi. Unaihisi zaidi kuliko kuiona. Niliimulika kwa tochi ya simu kutoka pembeni ndipo ikatokea kwenye picha, mistari minne, ya watoto wanne wa babu.

Nilimuuliza mzee wa stoo nyumba hizi zilitunzwaje, akanipa historia nzima ya mgodi kwa rangi za ukuta, na mimi naona hii ndio njia nzuri ya kuielewa. Williamson alifariki Januari 1958, mama ana miezi michache, na mwaka huohuo warithi wake wakauza mgodi, kampuni ya De Beers na serikali ya Tanganyika wakawa wabia nusu kwa nusu. Miaka ya 60 ndio ilikuwa neema, mwaka 1966 mgodi ulitoa zaidi ya karati laki nane, na kota zilipakwa chokaa kila mwaka, bati likitoboka unaandika kwenye kitabu na kesho yake fundi yuko juu. Miaka ya 70 serikali ikashika usukani, miaka ya mwanzo mambo yakaenda, kisha mitambo ikachakaa, vipuri vikawa shida, uzalishaji ukashuka mwaka hadi mwaka. Chokaa ikawa kila baada ya miaka mitatu, halafu mitano, halafu mtu anapaka mwenyewe kwa hela yake. Miaka ya 90 De Beers wakarudi na asilimia 75, serikali 25, mwaka 2009 ikaja kampuni ya Petra. Rangi ya njano iliyoko sasa mwenye nyumba alinunua mwenyewe. Ukikwaruza pale kona ilipobanduka unaona njano, chini yake bluu, chini yake nyeupe, nyeupe, nyeupe.

Niliuliza pia babu alikuwa anafanya nini hasa, manake kwetu tulikuwa tunasema tu "alikuwa grisi". Almasi ina tabia moja, haishiki maji, inashika mafuta. Kwa hiyo kokoto baada ya kuchekechwa na kuoshwa inapitishwa na maji juu ya meza iliyopakwa grisi nzito, mawe ya kawaida yanateleza na maji yanakwenda zake, almasi inanasa. Kisha grisi inakwanguliwa, inachemshwa, mawe yanabaki. Babu ndiye aliyekuwa anapaka hiyo grisi. Kila siku anatoka kazini anapekuliwa, na mama anakumbuka harufu tu, kwamba sabuni haikuitoa, shuka za kitanda cha baba yake zilikuwa na harufu hiyo mpaka amestaafu. Ile almasi ya pinki ya mwaka 1947, karati 54.5 ikiwa ghafi na 23.6 baada ya kukatwa, Williamson alimzawadia binti mfalme Elizabeth kwa ajili ya harusi yake, ikawekwa katikati ya bruchi, lile pambo la kubana kwenye nguo, yenye umbo la ua. Babu hakuwahi kuiona, aliajiriwa baadaye, lakini alipenda kusema kwamba mawe mengi kuliko hilo yamepita chini ya mikono yake na hajui hata moja liko wapi leo.

Tulikula pale pale. Ugali, kuku wa kienyeji, mlenda. Nilikuwa nimepanga tukae nusu saa, tukakaa mpaka saa tisa, mwenye nyumba akawa anamuuliza mama mti ule ulikuwa wapi, bomba lilikuwa wapi, hapa pana ufa je ulikuwepo, na mama anajibu kila kitu. Ufa ulikuwepo. Mwembe wa namba 12 umekatwa, limebaki shina, mama akaenda kulikalia.

Kaburi la Williamson liko hukohuko Mwadui, ukipewa nafasi pita. Shimo la mgodi tuliliona kwa mbali tu, na mbali ilitosha: hilo bomba la mwamba wenye almasi wanaouita kimbalaiti lina eneo la hekta 146, kama ekari 360 hivi, moja ya makubwa kabisa duniani yanayochimbwa, na tangu 1940 wanachimba na bado.

Jumapili: Maganzo

Ibada, kisha mzee wa stoo akatupeleka kwa bibi mmoja aliyeishi mstari uleule wa kota, namba 17, sasa yuko kwa mwanawe hapa Maganzo. Haoni vizuri. Mama akamsalimia kwa Kisukuma, bibi akashika uso wake wote kwa mikono miwili akataja jina la utani la utotoni ambalo hata mimi nilikuwa silijui. Wakalia, wakacheka, mimi nikatoka nje kwa wajukuu nikawaacha.

Bibi alitueleza kitu ambacho sijakisoma popote, kwamba wanawake wa kota walikuwa na chama chao cha kuzikana na kusaidiana wakati wa uzazi, kila nyumba inatoa unga na kuni, na mwenye zamu anakaa siku saba nyumbani kwa mzazi. Mama yangu alipoletwa kutoka hospitali akiwa na siku tatu, aliyekuwa zamu ni bibi huyu.

Mwanawe alizungumzia pia Novemba 2022, tarehe 7, bwawa la tope la mgodi lilipobomoka, tope likaingia kwenye makazi na mashamba upande wa Ng'wanholo. Nimeweka hapa kwa sababu historia ya nyumba za mji wa mgodi ni pamoja na zile za nje ya uzio zilizofunikwa, siyo kota peke yake.

Mchana wote mvivu, jua, tukalala. Jioni chips mayai elfu mbili na nusu.

Jumatatu: kurudi

Basi la kurudi Mwanza unasubiri barabarani hapo Maganzo, yanayotoka Shinyanga mjini yanapita kuanzia saa moja asubuhi, ila mara nyingi yamejaa. Kijana wa Ijumaa, yule wa kijiwe, ndiye alitusimamishia gari, akagombana na konda mpaka mama akapewa siti ya mbele, akakataa hela ya soda. Elfu tisa tena kila mmoja.

Gharama yote ya watu wawili, nauli, gesti vyumba viwili, bajaji, chakula na zawadi, haikufika laki tatu. Ukienda peke yako, ukalala usiku mmoja, laki inakutosha na chenji inabaki.

Tulipotoka Hungumalwa nikamwambia mama anitajie mstari wa kota, nyumba kwa nyumba, kama anavyokumbuka, mimi naandika kwenye daftari huku gari linaruka. Majina nimeyahifadhi, hapa naweka watu tu. Namba 10 seremala Mnyamwezi, alitengeneza majeneza ya mstari mzima bila malipo. 11 dereva wa lori Mjaluo, mke wake alikuwa na cherehani ya kwanza. 12 karani Mhaya, mwenye mwembe, alikuwa anawasomea watu barua zao jioni barazani. 13 mlinzi Mkurya, hakuwa na watoto, akawalea wa wengine wawili mpaka wakamaliza shule. 14 babu. 15 mpishi wa upande wa Wazungu, Mmakonde aliyekuja akiwa kijana akiwa hajui Kisukuma, akazikwa akiwa anakiongea kuliko Wasukuma. 16 mama hakumbuki. 17 bibi wa jana. 18 fundi umeme, Msukuma wa Magu. 19 pia hakumbuki, ila anajua palikuwa na mapacha wa kike na redio kubwa ambayo watu walikusanyika kuisikiliza usiku wa uhuru Desemba 1961.

Namba 16 na 19 ziko wazi kwenye daftari. Mama mdogo wa Kahama ndiye alikuwa rafiki wa wale mapacha, nitampigia Jumapili akitoka kanisani.